Ukumbi wa Wapepetaji

Dada yangu Mwanahawa alifariki, tukamzika, tukamsomea hitima, na asubuhi ya Idi akatangaza sabuni.

Habari aliniletea mume wake, Nassoro, akiwa amevaa kanzu mpya na uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alinikuta uani napakua pilau. "Shemeji," akasema, "Mwanahawa kasema leo. Katusalimia Ukumbini kwa sauti yake ile ile. Kaanza kwa kucheka kidogo, unakijua kicheko chake." Nikamuuliza kasema nini. Akasita, akaivua kofia, akaivaa tena. "Kasema Idi mubarak. Halafu kasema nguo za Idi zinataka sabuni nzuri, akaitaja." Sabuni yenyewe ni ile iliyomchubua mikono dada yangu katika uhai wake, akaivurumisha juu ya paa huku akimlaani aliyeitengeneza. Nassoro alikuwepo siku hiyo. Ndiye aliyepanda kuishusha. Nikamkumbusha. Akasema, "Najua, shemeji. Lakini ni sauti yake." Nikauacha upawa ndani ya sufuria, nikajifunga kanga kiunoni, nikatoka.

Nataka ieleweke tangu hapa kwamba nilitoka kwa hasira, na hadi ninapoyasema haya hasira hiyo sijaiweka chini. Sikuwa natafuta haki ya ulimwengu. Sikuwa na hoja za wasomi. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, maneno ya dada yangu yarudi nyumbani kwetu, kwenye ukuta yalipozaliwa, na kama yatakaa hapo bila kusomwa na mtu, basi yakae. Lakini njiani swali jingine likanidandia, na likakataa kushuka. Neno likishanitoka kinywani, ni la nani? Langu, kwa kuwa nimelisema? Lako, kwa kuwa umelisikia? Au ni la mwenye paa, aliyetuacha tuongee chini yake? Niliwahi kudhani hilo ni swali la watu wasiokuwa na kazi za kufanya. Sasa kazi yangu ni hilo swali.

*

Kabla ya Ukumbi kulikuwa na ukuta. Nyumba yetu ipo mwisho wa kichochoro, na mbele yake ina baraza ya mawe, na juu ya baraza kuna ukuta mrefu tuliokuwa tukiupaka chokaa. Mwanahawa alipokuwa na jambo alichukua kipande cha mkaa jikoni, akapanda barazani, akaandika. Hakuandika mashairi, hakuwa na subira ya vina. Aliandika mambo: jinsi kisima cha mtaa wa Kati kilivyozibwa na kwa nini, maua ya mwarobaini yalivyochelewa mwaka ule, kosa alilolifanya mkunga siku ya kuzaliwa mimi na namna alivyolirekebisha, kwa nini hakubaliani na fundi cherehani wa mtaa wa juu kuhusu heshima ya mwanamke. Watu wakipita wakasimama, wakasoma. Asiyejua kusoma akasomewa. Asiyekubali akaomba mkaa, akaandika chini yake, na dada akamjibu chini ya hapo. Fundi cherehani aligombana naye hivyo kiangazi kizima, na walipokutana njiani wakaulizana hali za watoto. Ukuta wa mbele ulipojaa akahamia wa ubavuni, na wa ubavuni ulipojaa akazunguka nyuma, mpaka nyumba nzima ikawa imevaa maneno yake kuanzia mlangoni hadi jikoni.

Sikatai kwamba walikuwa watu wachache. Siku nyingine hakuja mtu, ila mbuzi wa jirani aliyekuja kulamba chokaa. Dada hakujali, au alijifanya hajali. "Ukuta haukimbii," alikuwa akisema. "Atakayekuja mwakani ataukuta." Mimi nilimwona mara nyingi akichungulia dirishani kuona kama kuna aliyesimama.

Kisha Ukumbi ukaja, na ulikuja kwa adabu. Hilo ndilo linalonichoma. Haukuvunja mlango, haukuleta askari. Ulibisha hodi. Asubuhi moja, katika mji mzima, kwenye kila mlango, sauti ya upole ilisema hodi, na sisi tukajibu. Tumelelewa hivyo, hodi haiachwi ikining'inia. Mikono ikiwa kwenye unga, unajibu. Ukiwa katikati ya ugomvi na mumeo, unaukatiza, unajibu kwa sauti tamu, kisha unauendeleza. Pengine kuna watu duniani ambao wangeuliza kwanza: nani wewe, unataka nini? Sisi kumuuliza mtu jina kabla ya kumkaribisha tunaona ni ukorofi, ni kukosa malezi. Kwa hiyo mji mzima ulijibu kutoka ndani, bila kuchungulia, karibu. Na tulipotoka tukifuta mikono tuone mgeni ni nani, tulikuta watu wenye mashuka meupe yaliyolowa maji. Wakayabandika kwenye kuta zetu kwa upole, wakayapapasa, na walipoyabandua, maneno yakabaki kwenye mashuka. Wakasema wanayapeleka mahali ambapo watu wote watayaona. Dada yangu alifurahi. Alipiga vigelegele, maskini, aliwafuata kwa miguu yake, na kuanzia siku hiyo yote aliyokuwa nayo akawa anakwenda kuyasemea Ukumbini.

*

Njia ya kwenda Ukumbini inapita katikati ya Ukumbi wa zamani, na watu huongeza mwendo wanapofika hapo. Mama yetu alikaa humo alipokuwa msichana. Alituambia kwamba siku zile mtu asiyekuwa humo alihesabiwa hayupo duniani. Hata harusi haikuwa harusi mpaka itangazwe humo. Kisha mwenye Ukumbi akauza mabati ya paa, akauza na nguzo, akaondoka bila kuaga. Sasa kuna vigoda vilivyooza na magugu ya kiunoni. Sauti za watu zimebaki chini ya vumbi, na ukizikanyaga zinatoka. Nilikanyaga, nikasikia: nimefika salama. Nikakanyaga tena: hongera kwa mtoto, Mungu amkuze. Nikaruka upande nisimkanyage mwingine, nikamkanyaga mwanamume aliyesema: mbona kimya, nimekukosea nini? Nilisimama nikitazama chini ya mguu wangu. Aliulizwa nani? Alijibu? Mtoto aliyeombewa akuzwe yuko wapi, au ni mimi? Nassoro alikuwa ananifuata nyuma akihema, nikamwambia, "Unaona wanakoishia?" Akasema, "Huu ni wa zamani, shemeji. Wa sasa ni imara." Nadhani na mama yangu aliambiwa hivyo hivyo.

*

Ukumbi hauna mlango. Watu wanalisifu jambo hilo, wanasema ndiyo uhuru wenyewe. Mimi nasema mahali pasipo na mlango huwezi kubisha, na pasipobishwa hakuna anayekaribishwa, na asiyekaribishwa hana mwenyeji wa kumlalamikia. Unatembea tu, na wakati fulani unagundua tayari umo. Watu wamekaa kwenye vigoda, bega kwa bega, idadi ambayo akili inachoka kuishika, na hakuna anayemtazama mwenzake. Wote wametazama juu. Juu, kwenye boriti, wamekaa Wapepetaji na nyungo zao.

Nitaeleza kazi yao, maana ndiyo siri yote, na wala haijafichwa. Kila neno linalosemwa chini hupanda, na Mpepetaji hulidaka kwa ungo, akalirusha. Nyumbani tukipepeta mchele, kinachoruka tunakiacha kiende na upepo, na kinachobaki ndicho tunachopika. Kule kinachoruka ndicho kinachohifadhiwa. Kinachobaki kwenye ungo kwa uzito wake kinamwagwa, kinaanguka miguuni mwa watu, kinafagiwa. Matusi yanaruka vizuri sana. Kejeli inaruka. Aibu ya mtu inaruka mpaka darini na kukaa huko siku nyingi. Mwanahawa alipokwenda kusema habari ya kisima, kwa majina na kwa sababu, taratibu kama alivyozoea, ungo ulitikiswa mara moja na kisima kikamwangukia kwenye vidole. Siku aliyochoka akamwita fundi cherehani mjinga, neno hilo moja liliruka hadi kwenye boriti ya juu kabisa, na Ukumbi mzima ukashangilia. Alirudi nyumbani hakula. Fundi cherehani hakumsalimia tena hadi dada yangu anakufa.

Wenye malalamiko hupokewa na Bwana Latifu. Ni mtu mpole, na ana uso wa yeyote anayemtazama. Nilipomtazama niliuona uso wangu, ila uliopumzika.

"Karibu, bibie," akasema. "Pole na safari."

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kumchukua dada yangu."

"Dada yako yuko salama. Leo peke yake kasikilizwa na watu wengi kuliko wote waliopita barazani kwenu tangu nyumba ile ijengwe."

"Katangaza sabuni aliyoichukia!"

"Kasalimia. Sabuni ilipita tu."

"Bwana wee, usinichezee akili. Yule amekufa. Maneno yake ni yake, na kama si yake ni yetu sisi tuliomzika."

"Yalikuwa yake," akasema Bwana Latifu, bila kupandisha sauti. "Lakini tulibisha hodi, na mlijibu." Akafungua kiganja, na ndani ya kiganja nikamsikia Mwanahawa, hai, ana haraka, na nyuma yake mlio wa kinu: karibu, pita, mlango uko wazi. Nassoro alikiinamia kile kiganja mpaka kofia yake ikaanguka.

Nikamwambia Bwana Latifu yale ambayo mtoto wa kwetu wa miaka saba anayajua. Karibu ya mgeni inaishia barazani. Mgeni akikaribishwa anakaa, anapewa maji, anaulizwa hali. Haingii chumbani. Hafungui kabati. Havai nguo za marehemu akazunguka nazo mjini akiongea kwa sauti yake. Anayefanya hivyo si mgeni, ni mwizi aliyefundishwa adabu. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa, na nilipomaliza nikasikia makofi. Juu yetu ungo ulikuwa umetikiswa. Maneno yangu yalikuwa yanaruka.

"Hoja nzuri," Bwana Latifu akasema, na uso wangu ukang'aa juu ya mabega yake. "Tena una hasira safi, haina mchanga. Ungependa kuyasema haya pale juu, kwenye jukwaa? Watu wakikuunga mkono, nani ataweza kukukatalia?"

Nassoro alinivuta kanga. "Shemeji, tuache. Wakituridhia wakaturudishia, watatupa nini? Mkaa. Sauti haitarudi ukutani. Mimi mkaa nitaufanyia nini?" Na nilipomwita msaliti, akanijibu jambo ambalo halijanitoka. "Nyumba ya kaka yangu ilipowaka moto nilipiga kelele humu, na watu wakaja na ndoo, watu tusiowajua. Ningeandika moto kwenye ukuta wenu, nani angesoma?" Swali hilo lilinizidishia hasira, nikapanda jukwaani.

*

Nasema. Wanashangilia. Nasema tena lile lile, maana waliokuja sasa hivi hawakulisikia. Wanashangilia zaidi. Kuna anayeniita Dada wa Marehemu. Kuna anayeniita Bi Mkali. Nashuka nikanywe maji, ninaambiwa nisishuke, kuna mtu kule nyuma anasema nimejitungia, dada mwenyewe hakuwepo. Narudi kumjibu. Namtukana mama yake. Linaruka. Sikuwahi kumtukana mama wa mtu. Linaruka jamani, tazama linavyoruka.

Mimi ni nani nikiwa juu? Naiona hasira yangu ikitembea mbele yangu na miguu yake, na watu wanaisalimia yenyewe kwanza. Asubuhi naamka kabla yake, na kwa muda mfupi, mfupi sana, mimi ni mwanamke aliyefiwa. Kisha inaamka. Inaniuliza: leo tunamkasirikia nani? Kama hayupo, atatafutwa. Wapepetaji wanamleta. Wanajua kile ambacho sijui kuhusu mimi, wanajua ni sura gani ya binadamu itanichemsha kabla sijamaliza chai.

Nasema juu ya dada yangu. Sijasema jina lake leo. Nilisema jana? Nasema juu ya haki. Nasema juu ya wezi. Wezi wanashangilia.

*

Sijui nilikaa pale muda gani. Siku moja nilishika kichwa nikidhani kanga ya kichwani imeteremka, nikakuta nywele, nikazivuta mbele ya macho, zilikuwa nyeupe. Niliinama kwa mshtuko, na kwa kuwa nimeinama nikaona kitu ambacho aliyesimama jukwaani hakioni. Chini yangu kulikuwa na ukuta, na mtu mwenye ndoo ya chokaa alikuwa anaupaka. Anapopaka anaacha pakauke kidogo, kisha anabandika shuka lenye maneno niliyoyatoa punde, matusi na yote, na yanashika. Nikamuuliza chini ya chokaa kuna nini. Akanijibu bila kugeuka, "Maneno ya Mwanahawa. Ukoo mmoja hupewa ukuta mmoja. Ukuta ukijaa, wa zamani wanampisha anayesikilizwa."

Kila nilipofungua mdomo kumdai dada yangu, nilikuwa namfuta.

Nilishuka nikiangukia magoti. Nilimsukuma yule mtu, nikakwangua chokaa kwa kucha, nikalamba, nikakwangua. Hakukuwa na kisima. Hakukuwa na mkunga. Mwarobaini, fundi cherehani, kiangazi kizima cha ugomvi, vyote vilikuwa vimeliwa na kelele zangu. Bwana Latifu alikuja akasimama kando yangu, na sasa uso wake ulikuwa na mvi. "Limebaki moja," akasema kwa huruma, na akanionyesha, usawa wa macho, andiko moja safi kabisa. Lilianza hivi: Mdogo wangu kipenzi Tausi, wewe ndiye nuru ya nyumba yetu, na kila nilichoandika nilikiandika ili wewe ukisome. Nililisoma mpaka mwisho. Nikalisoma tena mpaka nikalishika moyoni neno kwa neno, kwa sababu kitu kilichomo kifuani hakibanduliwi kwa shuka, nikatoka nacho. Nassoro alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ametazama juu, anainywa sauti ya Mwanahawa. Sikumuaga.

*

Nyumba niliikuta imepasuka ubavuni. Upawa ulikuwa bado ndani ya sufuria, umeliwa na mchwa, na chini ya sufuria kulikuwa na mmea uliopata udongo sijui wapi. Nilichanganya chokaa, nikaupaka ukuta wa mbele, nikatafuta mkaa, nikapanda barazani na magoti yangu mabovu, nikaandika: Mdogo wangu kipenzi Tausi, wewe ndiye nuru ya nyumba yetu.

Hakupita mtu. Kesho yake hakupita mtu. Nataka niseme ukweli kuhusu hilo, kwa sababu wanaosifu kuta hawalisemi. Kimya kilinitesa. Masikio yalikuwa yanawasha kwa kukosa makofi. Nilijikuta nikisimama barazani na kutukana kichochoro kitupu kwa sauti ya jukwaani, nikisubiri kitu kiruke, na hakikuruka kitu. Dada yangu aliishi na kimya hiki miaka yote ile na akaendelea kuandika habari za mwarobaini. Nilimwonea gere, nikamkasirikia na yeye.

Kisha akaja Nassoro. Alikuwa mzee, anatembea ameshika ukuta. Hakuvaa kofia. Alikaa barazani, akasema mwenyewe.

"Kamwita mtu mwingine mume wangu."

"Nani?"

"Mwanahawa. Mwanamume mmoja alipita Ukumbini, kijana tu, anatafuta viatu. Sauti yake ikamwambia, mume wangu, hivi vitakufaa. Na kicheko kile kile, shemeji. Mbele yangu. Kisha ikamgeukia wa nyuma yake, ikamwambia mume wangu." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilikuwa nikilala nikijua kwamba angalau neno hilo ni langu."

Nikataka kumwambia nilikwambia, na Mungu anisamehe, nilitaka kwa nguvu. Lakini alikuwa ameshainua uso na anasoma ukuta. Alisoma polepole, akafika mwisho, akanitazama.

"Haya si yake."

Nikajifanya napangusa mkaa viganjani.

"Shemeji, Mwanahawa hakuwahi kukuita kipenzi. Alikuwa anakuita we Tausi. Alisema wali wako ni uji wenye kiburi."

Nilijua. Nilijua pale pale Ukumbini, tangu neno la tatu. Walinipikia andiko la kipimo changu, wakaliweka usawa wa macho yangu, na mimi nililibeba kifuani na kulipandisha kwenye ukuta wa dada yangu kwa mkono wangu, kwa kuwa liliniita nuru. Nilichukua ndoo ya maji nikaumwagia ukuta. Mkaa ukashuka kwa michirizi mpaka kwenye baraza, ukamlowesha Nassoro kanzu, naye hakusogea.

"Sasa nini?" akauliza.

"Sasa niambie aliandika nini kuhusu kisima."

Akafikiri. Akasema aliandika kwamba maji yake yalikuwa matamu. Nikamwambia matamu wapi, aliandika yalikuwa na chumvi kidogo na watu waliyapenda hivyo hivyo. Akasema yeye ndiye aliyelala naye kitanda kimoja. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwokotea mkaa. Akasema amri ya kukiziba ilitoka kwa liwali. Nikasema liwali yule alikuwa hajazaliwa. Tukapandishiana sauti, wazee wawili, mate yanaturuka, na nilikuwa na hasira kama ya jukwaani ila hii ilikuwa na mtu mbele yake, naona anavyoumia, na nikiona ameumia napunguza.

"Nyote mnakosea," mtu akasema.

Ni mwanamke wa makamo, amesimama njiani na beseni la vitumbua kichwani. Hatukuwa tukimjua. Hakuwa anatutazama sisi, alikuwa anatazama ukuta uliolowa, pembe ya juu mkono wa kushoto.

"Andiko la kisima lilikuwa pale," akasema. "Mistari minne. Yalikuwa na chumvi, ni kweli. Lakini liwali hakuhusika. Aliyekiziba ni Mselemu bin Hamadi, kwa sababu alikuwa anauza maji ya mtungi. Mwanahawa aliliandika jina lake. Usiku wake likafutwa kwa kanga. Asubuhi akaliandika tena, likafutwa tena. Mwezi mzima. Hakuwahi kumvizia anayelifuta. Alikuwa anakuja tu na mkaa wake, analiandika upya."

"Wewe umeyajuaje?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Mselemu ni baba yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikilifuta."

Damu ilinipanda. Nilishuka barazani nimekunja ngumi, nikafika karibu yake kiasi cha kunusa mafuta ya vitumbua. Hakurudi nyuma. Alitua beseni chini. Kucha zake zilikuwa fupi, na huyu alikuwa amekuja kumfuta dada yangu kwa miguu yake mwenyewe, kwa kanga yake mwenyewe, akilisoma neno kila usiku kabla ya kulifuta. Ukumbi mzima haukumsoma Mwanahawa hivyo. Mimi sikumsoma hivyo. Ngumi yangu ilibaki hewani nisijue niipeleke wapi, na Nassoro akanyoosha mkono kati yetu na ndani yake kulikuwa na kipande cha mkaa.

Mwanamke alikipokea. Alipanda barazani, akasimama kwa ncha za vidole, na pale kwenye pembe ya juu mkono wa kushoto akaandika mistari minne bila kusita hata mara moja, na katika mstari wa mwisho akaandika jina la baba yake kwa herufi kubwa. Kisha akajifuta mikono, akavua viatu, akakaa chini ya jina lile, akatazama njiani kuona nani atakuja kulifuta.